Fida imetripu? Acha C kwanza: jinsi ya kuingia menyu na kusoma rekodi za rilei ya MiCOM P122 na P123

Simu inalia saa tisa usiku, opereta anakwambia "mkuu fida imekatika, nimereset, nimerudisha, imekatika tena". Unamuuliza rilei (kile kifaa kinachopima mkondo wa fida, yaani laini inayolisha eneo moja, na kuamuru breka ikate kukiwa na hitilafu) iliandika nini. Kimya kidogo halafu "sijui, nilishafuta". Kama umefanya kazi ya umeme mkubwa hata mwaka mmoja hii simu umeshaipokea, na kama wewe ndio opereta basi usione aibu, wote tulianzia hapo, hakuna aliyezaliwa anajua hizi batani.

Naongelea MiCOM P122 na P123 kwa sababu ndizo nimezishika sana, rilei za ovakarenti (mkondo uliozidi) na folti ya ethi (hitilafu ya umeme kwenda ardhini). Ukiikuta kwenye paneli inaweza kuwa na jina la Alstom, nyingine Areva, nyingine Schneider, usichanganyikiwe ukadhani ni tatu tofauti. Areva walinunua upande huo wa Alstom mwaka 2004, halafu 2010 wakaugawa, Schneider wakachukua mambo ya usambazaji na Alstom wakarudishiwa mambo ya msongo mkubwa. Menyu ni ile ile, ukijua moja umejua zote, tofauti ni ndogondogo kufuata toleo.

Unachokiona usoni

Kuna kioo kidogo cha mistari 2, kila mstari herufi 16, ndio maana maneno yamekatwakatwa hovyo kama sms za zamani. Taa ziko 8. Nne za kwanza zina kazi moja tu siku zote: nyekundu ya Trip, ya njano ya Alarm, ya njano nyingine ya matatizo ya rilei yenyewe, na ya kijani kuonyesha kwamba umeme wa DC unaoiendesha rilei upo. Nne zinazobaki zinapangiwa kazi na aliyeweka setingi, kwa hiyo usiniulize mimi ya tano kwenu maana yake nini, tafuta kikaratasi kilichobandikwa pembeni. Kama hakipo (na mara nyingi hakipo, au kimepauka mpaka hakisomeki) mtafute aliyeikomishini (aliyeijaribu na kuiwasha mara ya kwanza) akuambie, kisha ukiandike wewe.

Taa ya Alarm ina lugha yake. Ikiwa inapepesa maana yake kuna ujumbe ambao haujasomwa na mtu. Ukishasoma jumbe zote inatulia, inawaka moja kwa moja. Ukizifuta inazima. Kwa hiyo ukifika kwenye paneli ukakuta Trip inawaka na Alarm imetulia bila kupepesa, jua kuna mtu alishapita hapo kabla yako akasoma, muulize kwa upole aliona nini.

Batani ni 7. Mishale minne, ENTER, halafu zile mbili za alamu, moja ya kusoma na moja ya C, yaani ya kufuta. Mshale wa chini unakuingiza ndani, wa juu unakutoa, kulia na kushoto unahama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Ifikirie nyumba ya kupanga yenye korido ndefu, vyumba vimepangana, unatembea koridoni kulia kushoto, ukitaka kuingia chumbani unashuka chini. Ukielewa hiyo picha menyu yote umeimaliza, kweli kabisa.

Imetripu, fanya hivi

Kabla ya kugusa chochote toa simu mfukoni piga picha. Taa zote na kioo, picha moja ya mbali na moja ya karibu, na zima flashi maana kioo kinarudisha mwanga hutaona kitu. Najua kuna sehemu simu haziruhusiwi kontroo rumu, basi kalamu na karatasi, andika taa zipi zinawaka.

Halafu bonyeza batani ya kusoma. Haihitaji paswedi. Kioo kitaleta ujumbe mmoja mmoja, na kila ujumbe una namba yake pamoja na jumla ya jumbe zote. Zinakuja kinyumenyume, ya mwisho kutokea ndio unaiona kwanza, ya kwanza kutokea iko mwisho kabisa, na ile ya mwisho wa orodha ndio tamu maana ndio iliyoanzisha mambo, zinazofuata mara nyingi ni matokeo tu. Andika zote. Ukishafika mwisho wa orodha ndio C inafuta zote kwa pamoja na taa ya Trip inazima.

Sasa hapa kuna kitu wengi hawajui. Ukibonyeza C umefuta ujumbe na taa tu, rekodi yenyewe ya folti bado iko kwenye kumbukumbu ya rilei. Kwa hiyo yule wa saa tisa usiku aliyesema "nilishafuta" bado hajaua ushahidi wote, mwambie atulie, tunaingia RECORDS.

Ila nafasi za rekodi ni chache. Matoleo ya zamani yanabeba folti 5 tu, ya karibuni yanabeba 25. Ikija ya 6 kwenye rilei ya zamani, ya kwanza inasukumwa nje, imekwenda na hairudi. Na hapa ndio sisi tuliumia.

Ilikuwa kiwanda kimoja, fida ya 11 kV ya kebo ya chini ya ardhi inayolisha pampu za akiba, zile ambazo zisipofanya kazi hakuna anayestuka siku hiyo hiyo. Ikatripu. Opereta wa zamu akaandika kwenye kitabu "fida ya pampu imetripu 10:40" akaendelea na mambo yake. Zamu ikabadilika, jamaa wa usiku akakuta breka iko wazi, akarudisha, ikatripu, akarudisha tena, ikatripu, nadhani alirudisha mara tano akiamini itashika kama gari bovu la kusukuma. Asubuhi tunafika tunafungua rekodi, zote tano ni za usiku, mikondo mikubwa fezi zote tatu, haisemi kitu zaidi ya "kebo imeungua". Rekodi ya kwanza kabisa haipo. Sasa tunarudi kwenye kitabu, 10:40, tukahangaika na watu wa asubuhi, nani alikuwa anafanya nini saa nne na dakika arobaini, hakuna. Siku 2 nzima. Kumbe yule mzee aliandika saa ya Kiswahili, saa kumi na dakika arobaini jioni! Jioni hiyo kulikuwa na kijiko kinachimba mtaro upande wa pili wa uzio. Rilei ingetuambia 16:40 kwa sekunde zake, tungeenda moja kwa moja mtaroni tukakuta kebo imechunwa.

Tangu siku hiyo nikiona kitabu kimeandikwa saa bila kusema asubuhi au jioni nachukia hadharani. Rilei inaandika saa 24. Andikeni kama rilei.

Kuingia RECORDS

Kutoka kwenye kioo cha kawaida, kile kinachoonyesha ampea, bonyeza mshale wa chini, utakuta OP PARAMETERS. Hapo uko koridoni. Nenda kulia: ORDERS, CONFIGURATION, MEASUREMENTS, COMMUNICATION, PROTECTION G1, PROTECTION G2, AUTOMAT. CTRL, mpaka RECORDS ambayo ni chumba cha mwisho. Njiani usiingie ORDERS kwa udadisi. Mle ndani kuna amri za kufungua na kufunga breka, na hilo neno funga peke yake limeshaleta balaa, kwa sababu nyumbani ukisema funga bomba maji yanakata, lakini ukisema funga breka umeme unapita. Kijana mgeni akiambiwa kwenye simu "funga" anaweza kuelewa kinyume kabisa. Sisi tunasema "ingiza breka" na "toa breka", haina utata.

Ukifika RECORDS shuka chini. Utakuta vijisehemu, na ukipita kulia kushoto ndani yake unaona CB Monitoring, Fault Record, Instantaneous, Disturb Record, na zile za mahitaji ya mzigo ambazo leo siziongelei.

Ingia Fault Record. Kitu cha kwanza ni Record Number. Bonyeza ENTER, mishale ya juu na chini inabadilisha namba, ENTER tena kukubali, halafu shuka chini kusoma vilivyomo. Usiamini namba ikwambie ipi mpya ipi ya zamani, angalia tarehe na saa, hiyo ndio haidanganyi (kama saa ya rilei iko sawa, nitarudi hapo). Utakavyoshuka utakutana na saa, tarehe, kundi la setingi lililokuwa linatumika (G1 au G2), fezi iliyopata folti, kizingiti kilichotripu (kiwango cha mkondo kilichowekwa kwenye setingi), ukubwa wa mkondo, halafu mkondo wa kila fezi IA, IB, IC na mwisho IN, ule wa ardhini. Andika vyote, hata unavyoona havina maana.

Hizo namba zinasema nini

Kizingiti kwanza. Ukiona I> ni ovakarenti hatua ya kwanza, ile ya taratibu yenye kusubiri. I>> ni hatua ya pili, kwa kawaida ya mkondo mkubwa na haisubiri sana. Ikiwa na e, yaani Ie> au Ie>>, hiyo ni ya ethi. Hapo tu umeshajua nusu ya habari.

Nusu nyingine iko kwenye mikondo minne, na hapa chukua muda, usikimbilie. Tuseme CT (transfoma ndogo inayopunguza mkondo ili rilei iweze kuupima) ni 200/1 na mzigo wa kawaida ni ampea 90. Ukakuta IA 2140, IB 2095, IC 88, IN karibu na sifuri. Fezi mbili ziko juu na zinakaribiana, ya tatu imebaki na mzigo wake wa kila siku, na hakuna kilichoenda ardhini. Hiyo ni A na B zimegusana, kama ni laini ya juu tafuta nyaya zilizolegea zikapigwa na upepo, tawi lililolala juu ya nyaya mbili, ndege mkubwa. Sasa ukikuta IA 85, IB 92, IC 640 na IN 590, hiyo ni fezi C peke yake imeenda ardhini, tafuta kikombe (kihami kinachoshika waya) kilichopasuka, waya umeanguka, mti umegusa waya mmoja, kichwa cha kebo kimevuja. Zikiwa juu zote tatu na zinalingana, jiulize kwanza kama kuna mtu alitoka kufanya kazi akasahau kuondoa ethi za muda (nyaya za usalama zinazounganisha laini na ardhi wakati wa kazi) kabla breka haijaingizwa. Usicheke, inatokea.

Na ile ya breka kutripu sekunde ile ile ya kuingizwa wakati nyuma yake kuna transfoma kubwa, mikondo haina mpangilio, kila fezi na lake, na jaribio la insulation linatoka zuri. Hapo mshuku mkondo wa transfoma kuamka, ule mvuto wa mwanzo, kabla hujaanza kufungua mabox. Lakini pima kwanza, ndio ushuku.

Angalizo kubwa: ampea zote hizo rilei inazipiga hesabu kutokana na uwiano wa CT ulioandikwa CONFIGURATION. Kama CT kwenye paneli ni 400/5 na mtu aliandika 200/5, kila namba unayosoma ni nusu ya ukweli. Njia rahisi ya kuhakiki, siku tulivu ingia MEASUREMENTS soma IA, IB, IC halafu linganisha na ammita ya paneli au mita ya fida. IN hapo kwa mzigo uliolingana inatakiwa iwe karibu na sifuri, ikiwa kubwa na mzigo ni sawa, fuatilia waya za CT.

Instantaneous, chumba ambacho hakuna anayekiingia

Mimi nakipenda hiki kuliko vyote. Kinahifadhi mara za mwisho 5 ambazo rilei ilistuka, yaani mkondo ulivuka kizingiti, hata kama haikufika kutripu. Kinakupa saa, tarehe, kizingiti gani kilistuka, kwa muda gani kwa milisekunde, na kama ilitripu au la. Ukikuta Ie> imestuka mara 3 wiki hii, milisekunde 80, 120, 95, bila kutripu hata mara moja, na zote ni alfajiri wakati wa umande au mvua ndogo, hiyo laini inakuomba uitembelee, kuna kikombe kimechafuka au tawi linagusagusa. Ukisubiri itripu utatembea usiku kwenye matope.

Ule muda wa milisekunde pia unautumia kupima kama rilei ilifanya kazi kwa setingi zake. Kwa mkunjo wa IEC wa kawaida hesabu ni 0.14 gawanya kwa (uwiano wa mkondo juu ya setingi ukipandishwa kipeo cha 0.02, toa 1), zidisha kwa TMS (kizidisho cha muda kilichowekwa kwenye setingi). Setingi 300 A, TMS 0.1, folti 3000 A: uwiano ni 10, inakuja kama sekunde 0.3. Kama I>> haikuhusika na Instantaneous inasema karibu na milisekunde 300, vizuri. Ikisema 900, kuna mtu alibadilisha kitu au unasoma kundi la setingi lisilo lenyewe, rudi uangalie kundi lililoandikwa kwenye rekodi kama ni 1 au 2.

CB Monitoring ni fupi: breka imefanya kazi mara ngapi, inachukua muda gani kufunguka, na jumla ya mikondo iliyokata kwa kila fezi. Muda wa kufunguka ukianza kupanda mwezi hadi mwezi, mafuta au grisi ya mtambo wa breka imekauka, waambie watu wa matengenezo kabla haijagoma siku ya folti.

Vinavyohitaji laptopu

Picha za mawimbi huwezi kuziona kwenye kikioo cha mistari miwili, Disturb Record hapo inakupa taarifa kidogo tu. Na matukio yenyewe, 75 kwa matoleo ya zamani na 250 kwa ya karibuni, nayo unayatoa kwa laptopu. Mbele ya rilei chini kuna kifuniko, ukikiinua unakuta tundu la pini 9 la RS232. Kebo iwe ya moja kwa moja, pini 2 kwa 2 na 3 kwa 3, sio ile ya kupishana, watu wamelaani laptopu zao bure kumbe kebo. Laptopu za siku hizi hazina tundu hilo, tumia adapta ya USB. Programu ni MiCOM S1 au ndugu zake waliokuja baadaye, S1 Studio, na kwa upande wa Schneider Easergy Studio. Mawimbi yahifadhi kwa muundo wa COMTRADE, utapata faili mbili, .cfg na .dat, zitume zote mbili, ukituma moja tu mhandisi atakurudishia.

Chini ya kifuniko hicho hicho kwenye rilei za zamani kuna betri ya lithiamu, nusu ya AA, volti 3.6. Ndio inashika saa na rekodi DC ikikatika. Ujumbe wa betri ukija usiupuuze, maana betri ikiwa imekufa na DC ikazima, ile rekodi uliyoipanga kuisoma kesho hutaikuta.

Paswedi na saa

Kusoma hakuhitaji paswedi, kubadilisha ndio kunahitaji. Ya kiwandani ni AAAA na aibu yetu ni kwamba sehemu nyingi bado ndio hiyo hiyo. Ukishaiingiza utaona herufi P kona ya chini kulia ya kioo, maana yake mlango uko wazi, na usipogusa kitu kwa dakika 5 inajifunga yenyewe. Ukiona P na hukuingiza wewe paswedi, acha kubonyezabonyeza, kuna mtu ametoka hapo sasa hivi.

Saa unaiweka OP PARAMETERS. Kama rilei haijaunganishwa na saa ya GPS itakuwa inapotea kidogokidogo, kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi pita na simu yako rilei zote, andika kila moja imetofautiana kiasi gani ndio urekebishe. Kuandika tofauti kabla ya kurekebisha ni muhimu, vinginevyo rekodi za mwezi uliopita huwezi tena kuzilinganisha na za kituo cha juu kinachowalisha.

Ukikutana na rilei nyingine, Siemens 7SJ bonyeza MENU utafute Annunciation halafu Trip Log, SEL-751 ingia Events au kwa laptopu andika HIS ikupe orodha. Koridoni na vyumbani ni kule kule.

Anayetaka kuzoea asisubiri folti. Jumapili mchana kukiwa kumetulia, omba ruhusa, simama mbele ya paneli, ingia RECORDS soma rekodi ya zamani kabisa uliyoikuta mle, jaribu kusema ilikuwa folti gani, halafu fungua kitabu cha zamu cha tarehe hiyo uone waliandika nini. Mimi mara ya kwanza nilikuta wameandika "imetripu, sababu haijulikani", na rilei ilikuwa inasema fezi B, Ie>, ampea 412.